Ukitaka Kuuona Mfuko wa Angani, Fika Kabla ya Kituo

Jioni ya kwanza niliukosa mfuko wa zana uliopotea angani, kwa kungoja. Tulikuwa upande wa Hombolo, mbali na taa za Dodoma mjini, mimi na mdogo wangu. Kituo cha Kimataifa cha Anga kikapita, cheupe, kizuri, nami nikapekua nyuma yake kwa darubini mpaka kikazama kwenye kivuli cha dunia. Sikuona kitu. Mfuko wa zana uliowaponyoka wanaanga Jasmin Moghbeli na Loral O'Hara mwanzoni mwa Novemba 2023 ulikuwa umeshapita, sisi tukiwa bado tunatandika mkeka.

Shika hili kwanza: kilichoponyoka kituoni hakibaki nyuma, hutangulia. Hata kilomita 400 juu kuna hewa nyembamba mno, na kitu chepesi hukokotwa nayo zaidi kuliko kituo kizito. Kinashuka, na kikishuka njia yake inakuwa fupi na mwendo unaongezeka. Kituo huzunguka dunia kwa takriban dakika 93. Mfuko ulizunguka kwa muda pungufu kidogo tu, ila upungufu huo unajikusanya mizunguko 15 na zaidi kila siku. Ndiyo maana utabiri wa wiki iliyopita haukufai. Pakua vipimo vya njia yake vya siku hiyohiyo, kwa namba ya kitu chenyewe katika orodha ya vitu vinavyozunguka dunia (mfuko ule ulikuwa 58229), si kwa namba ya kituo.

Darubini ya kukuza mara 10 yenye kioo cha milimita 50 inatosha. Usikimbizane na kitu angani, mikono itatetemeka. Chagua nyota iliyo kwenye njia yake, egemeza viwiko juu ya jiwe, na Dodoma mawe hatukosi, kisha tulia hapo dakika kadhaa kabla. Mimi nilitegea karibu na Kilimia, lile kundi dogo la nyota. Ukihesabu nyota zake sita kwa macho matupu, anga linafaa. Ukiona wingu hafifu tu, sogea mbali zaidi na taa.

Jioni ya tatu nukta ndogo ikakatiza kiooni, imenyooka, haina haraka. Nikampa mdogo wangu darubini, naye akaiwahi. Kituo kilikuja baadaye, hatukukijali.

Mfuko ule uliungua Julai 2024. Ule wa mwanaanga Heidemarie Stefanyshyn-Piper, uliopotea Novemba 2008, uliungua Agosti 2009. Basi kingine kikiponyoka una miezi michache tu, na kwetu mvua za Desemba hadi Aprili hula jioni nyingi. Usisubiri wikiendi.