Afisa akimuuliza mzazi hali, asijibu "sijambo"

Mama yangu ana miaka 78 na tunaishi naye hapa California. Tangu apate kiharusi, mkono wake wa kulia haushiki kikombe cha chai kikijaa. Tulipomwombea IHSS, ule mpango wa Medi-Cal (bima ya afya ya jimbo kwa wenye kipato kidogo) unaomlipa mtu amhudumie mgonjwa nyumbani kwake, afisa ustawi wa jamii wa kaunti alikuja kumtathmini. Mama alijifunga leso mpya, akajitia wanja, akaketi wima.

"Unaoga mwenyewe?"

"Naoga, mwanangu."

"Unapika?"

"Napika, alhamdulillahi."

Mimi ndiye niliyekuwa nikitafsiri, na sikuthubutu kumkanusha mzazi mbele ya mgeni. Mlango ulipofungwa tu, Mama akanyoosha mkono nimwinue aende chooni.

Barua ikaja na saa za huduma chache mno, hazitoshi hata kumwogesha na kumpikia.

Kwetu mtu mzima hamwagi maradhi yake mbele ya asiyemjua. Ni adabu, na naipenda. Lakini afisa yule anaipa kila kazi alama: 1 ni anayejiweza, 5 ni asiyeweza kabisa bila mtu. Kila "naweza" inakata dakika. Anachotaka kujua hasa ni kama mzee akiachwa peke yake ataoga bila kuanguka. Kaeni na mzazi siku moja kabla mumweleze hivyo, taratibu, aelewe kuwa kusema ukweli si kulalamika. Na ombeni mkalimani wa kaunti, ni haki yenu na ni bure. Mtoto hawezi kusimulia habari za choo za mamake bila kumeza nusu ya maneno.

Mimi nilinunua daftari. Wiki mbili niliandika kila kitu: kumwogesha dakika 35, kumvisha 18, na kila mara aliponiamsha usiku. Tukaomba tathmini mpya, daftari mkononi pamoja na barua ya daktari, na saa zikaongezwa. Njia nyingine ni kuomba rufaa ya jimbo, mna siku 90 tangu mpewe notisi. Kama mgonjwa alikuwa na saa zake na sasa zinapunguzwa, ombeni kabla ya tarehe ya kupunguzwa, ili aendelee kupata zile za zamani mpaka uamuzi utoke.

Kosa langu jingine lilikuwa kupeleka malalamiko ya saa kwenye Mamlaka ya Umma ya IHSS. Walinipokea vizuri, wakaniambia saa hupangwa na kaunti. Wao wanashughulikia mambo ya watoa huduma: wanatunza orodha ya watu wanaotafuta kazi, wanatoa mafunzo, na wanaketi na chama cha wafanyakazi kujadili mshahara. Sheria ya jimbo ya mwaka 1999 ndiyo iliyozitaka kaunti zote ziwe na chombo cha kusimama kama mwajiri katika mazungumzo hayo. Kila mtoa huduma, hata mtoto wa mgonjwa, huchukuliwa alama za vidole, na aliyehukumiwa kwa kumdhulumu mzee au mtoto ndani ya miaka 10 iliyopita hakubaliwi.

Ila msidhani watu wa Mamlaka wataingia jikoni kwenu kuangalia kama uji umepikwa. Mwenye kazi ni mgonjwa mwenyewe. Yeye ndiye anayeajiri na kuachisha, na ndiye anayeidhinisha saa mara mbili kwa mwezi. Usiidhinishe saa ambazo mtu hakufanya, hata akiwa jirani mwema.

Nilipolazimika kwenda Mombasa msibani, Mamlaka ilitupa majina kadhaa na Mama akawahoji mwenyewe. Alimchagua dada aliyevua viatu mlangoni bila kuambiwa, akachuchumaa mbele ya kiti chake ndipo akamwamkia.

"Magoti yananiuma, mwanangu," Mama akamwambia. "Usiku siinuki bila mtu."