Msiisingizie baridi ya Njombe

SWALI: Shikamoo mama. Niko Kidato cha Sita, Njombe. Kwenye praktikali ya kupima joto linalotoka asidi ikikutana na besi, tulichanganya asidi hidrokloriki 50 cm³ na sodiamu haidroksaidi (ndiyo besi) 50 cm³, zote 1 M (moli moja kwa lita), ndani ya bika la kioo. Joto lilipanda nyuzi 5.5 tu, hesabu ikatoa −46 kJ kwa moli. Kitabu kinasema −57.3. Wenzangu wanasema ni baridi ya huku, tuandike tu 57 yaishe. Ni sawa?

JIBU: Marahaba mwanangu. Baridi ya huko naijua, ila hapa mnaionea. Myeyusho ulikuwa rafuni humo humo maabara, umepoa sawa na hewa ya chumba. Joto hutoroka kwa sababu mchanganyiko umezidi chumba nyuzi sita hivi, na tofauti hiyo ingekuwa ileile hata Dar es Salaam. Upepo wa dirishani ni kesi nyingine, fungeni.

Mwizi wenu ni bika. Mmehesabu maji peke yake: gramu 100 mara 4.18, yaani jouli 418 kwa kila nyuzi. Kioo nacho hunywa joto, karibu jouli 0.84 kwa gramu. Bika la gramu 100 likipata moto lote, linadai jouli 84 juu ya zile 418. Kwa namba ya kitabu, moli 0.05 zilizomo kwenye 50 cm³ zenu hutoa jouli 2,865. Gawa kwa 502, unapata nyuzi 5.7 badala ya 6.85. Umeona tulivyoikaribia 5.5 yenu? Tafuteni vile vikombe vyeupe vyepesi vya kahawa ya kubeba, havinywi joto kama kioo. Kimoja kikalisheni ndani ya bika kisipinduke, mkifunike kwa kadi yenye tundu la kipimajoto.

Kilichobaki kinaliwa na muda. Wakati mnakoroga na kusubiri zebaki itulie, joto linaondoka, hivyo kilele mnachosoma si kilele halisi. Dawa yake ni grafu. Someni joto la asidi kila dakika hadi ya tatu. Dakika ya nne mimineni besi, korogeni, msisome chochote. Kuanzia ya tano hadi ya kumi someni tena kila dakika. Chora mstari wa mwanzo na ule unaoshuka, irefushe yote miwili hadi dakika ya nne, kisha pima pengo kati yake hapo. Pengo hilo ndilo badiliko la joto. Watoto wengi huchora grafu nzuri halafu wakachukua namba kubwa kuliko zote jedwalini. Sasa grafu ya nini?

Kipimajoto chenye mistari ya nyuzi moja moja kinaweza kukudanganya nusu nyuzi kila usomapo. Kwa kusoma mara mbili, hiyo ni nyuzi nzima kati ya saba. Mkitumia 2 M joto hupanda karibu 13.7, na kosa hilo linapungua nusu. Vaeni miwani, besi hiyo haina mchezo na macho. Na kama imekorogwa asubuhi hiyohiyo, subirini ipoe, maana chembe zake zikiyeyuka hutoa joto. Pimeni pia joto lake kabla ya kumimina, mchukue wastani wa joto la asidi na la besi kuwa joto la kuanzia.

Kuhusu 57: andika 46, chini yake weka hesabu ya bika. Msahihishaji akiona 57 kamili imetoka kwenye bika la kioo, atajua imetoka kitabuni.