Andika Ulichokisoma Kabla ya Unachodhani: Kwa Wanaoanza Kukusanya Saa za Zamani

Namba ya rejea hutaja modeli ya saa. Namba ya mfululizo hutaja saa hiyo moja uliyoishika. Wanaoanza huzichanganya, na wauzaji wengine hawana haraka ya kuwarekebisha. Kabla hujauliza saa ni ya mwaka gani au ina thamani gani, jua kwanza namba unayoisoma ni ipi na umeisomea wapi.

Kila kiwanda kina mahali pake. Kwenye Rolex za zamani, rejea imechongwa kati ya masikio yanayoshika mkanda, upande wa namba 12 ya uso, na mfululizo uko upande wa namba 6. Mkanda usipovuliwa, huoni kitu. Omega nyingi za miaka ya 1950 na 1960 zina rejea ndani ya mfuniko wa nyuma, na mfululizo umepigwa kwenye mashine yenyewe. Hapo unamhitaji fundi saa mwenye kifaa kinachoshika mfuniko sawasawa. Mikwaruzo mingi unayoiona kwenye mifuniko ya zamani ni kazi ya visu na bisibisi za watu wasio na subira.

Seiko ndiyo darasa zuri zaidi la kuanzia, kwa sababu mambo mengi yako nje. Chukua saa iliyoandikwa nyuma 6139-6002. Tarakimu nne za mwanzo ni kaliba, yaani aina ya mashine. Nne za mwisho ni kasha. Namba ya mfululizo ikianza na 3N, hiyo 3 ni tarakimu ya mwisho ya mwaka na N ni Novemba (Oktoba ni 0, Desemba ni D). Muongo hautajwi, unautafuta mwenyewe: 6139 ilianza kutengenezwa 1969, kwa hiyo 3 hapo ni 1973. Kisha chukua lenzi uangalie ukingo wa chini wa uso wa saa. Kuna msimbo mdogo mno, ambao kwa kawaida huanza na kaliba ileile. Usipoukuta, au herufi zake zikiwa nene na zimevimba rangi, uso huo huenda si wa kiwandani. Kuwa mkali hasa na nyuso za manjano: mwanaanga William Pogue alivaa 6139 ya manjano kwenye Skylab, kituo cha anga cha Marekani, na tangu habari hiyo ienee, nyuso za manjano mpya zimejaa sokoni.

Sasa daftari lako. Weka safu mbili zisizochanganyika: nilichokisoma, na ninachodhani. Maneno ya muuzaji yanaingia safu ya pili, hata awe mwaminifu kiasi gani. Faida yake utaiona siku utakapofungua Speedmaster, modeli ya Omega, yenye rejea 105.012-66 ndani ya mfuniko (66 ni mwaka 1966) na kukuta mashine ya kaliba 861. Modeli ile ilitoka na kaliba 321, na 861 ilikuja 1968. Kama ungeandika tu "Speedmaster ya 1966", mgongano huo ungepotea. Ukiwa umeandika kila namba na mahali ilipokaa, utajua kwamba mashine ilibadilishwa, au mfuniko umetoka kwenye saa nyingine.

Ukitumia Excel, badili safu ya rejea iwe ya maandishi kabla hujaandika chochote. Usipofanya hivyo, rejea kama 166.010 itageuka 166.01, na sifuri hiyo hutaikumbuka mwakani. Piga picha pia, mwanga ukiingia kwa ubavu ili michongo iliyofifia ijitokeze.

Andika na maneno yaliyo chini kabisa ya uso. "T SWISS T" humaanisha rangi ya kung'aa gizani ilikuwa na tritiamu, kitu chenye mionzi ambacho nguvu yake hupungua nusu kila miaka 12 hivi. Uso wa namna hiyo wa miaka ya 1960 ukiwaka usiku kucha, rangi imepakwa upya. Kabla ya hapo ilitumika radiamu, na hiyo ni habari nyingine: huchukua miaka 1,600 hivi kupungua nusu, kwa hiyo rangi huacha kung'aa lakini mionzi ipo palepale. Usiikwangue, usiipulize, wala usiifungulie saa hiyo mezani unapolia chakula.

Patek Philippe na Longines hutoa taarifa kutoka kumbukumbu zao kuhusu saa moja moja. Zinafaa, ila zinaeleza saa ilivyotoka kiwandani. Yaliyoipata baadaye ni kazi yako kuyatafuta.

Unapoipeleka kwa fundi, mwandikie mambo mawili: asisugue kasha wala mfuniko, maana namba za nje hufutika hapo, na kila kipuri atakachokitoa akurudishie. Kitie kwenye mfuko mdogo wenye namba ya saa ileile iliyo daftarini.