Kasuku wangapi wanatosha nyumbani? Nnavyoona mimi hapa Ngamiani, Tanga

Mkuu umesema una kasuku mmoja wa kijivu, ameanza kujinyonyoa manyoya kifuani, wewe unatoka asubuhi unarudi jioni, na sasa kuna jamaa anakuuzia wa pili kwa bei ya kutupa na anakuongezea jozi ya lavubedi juu (wale kasuku wadogo wa rangi rangi), unauliza ukichukua wote itakuwa sawa au umezidisha. Kwa maisha ulivyoyaeleza baki na huyo mmoja kwanza. Lavubedi kama umewapenda chukua, ila wawe wawili na wakae kivyao. Wa pili wa kijivu mwache kwanza asubiri.

Najua utasema namnyima ndege wako rafiki. Hapo ndipo watu wengi tunapokwama, tunadhani kasuku wa pili ni kampani ya wa kwanza. Sio hivyo bana. Wa pili ni kasuku mwingine kamili anayekutaka wewe, na yule wa kwanza hajaombwa ushauri, yani ni kama kumleta bi mdogo nyumbani usiku bi mkubwa akiwa amelala, asubuhi usitegemee chai.

Mimi nina kijivu wawili na jozi moja ya lavubedi, na hapo nimefunga hesabu. Wa kwanza nimeachiwa na mjomba alipofariki, wa pili aliachwa na shemeji alipohamishiwa Dodoma kikazi, kwahiyo sio kwamba nilikaa nikapanga idadi, waliletwa na maisha. Huyu wa mjomba ukimwangalia ndio unaelewa unachojiingiza, maana kijivu akitunzwa vizuri anaenda miaka 40 na wengine wanafika 60, mtu una miaka 35 unanunua wawili watatu ujue unawaandikia watoto wako wasia. Waulize kabisa nani atabaki nao, nyumbani kwangu binti kasema atachukua mmoja tu.

Siku wa shemeji alipofika tulimweka chumba cha nyuma peke yake zaidi ya mwezi kabla hawajaonana. Usiruke hii hatua hata kama ndege anaonekana mzima, maana kuna ugonjwa wa kasuku unaoletwa na bakteria, ndege anaweza kuwa nao asionyeshe kitu na ukampata hata binadamu kwa kuvuta vumbi la kinyesi kikavu, unaanza kama mafua makali na homa alafu unashuka kwenye mapafu. Nyumbani nina mama mtu mzima na kifua chake sio kizuri, kwahiyo sikutaka utani. Chombo cha maji mbali, chombo cha chakula mbali, na unamhudumia wa zamani kwanza ndio uende kwa mgeni, unanawa, kwisha.

Walipoonana sasa. Yule wa zamani alikuwa anakula gunzi la hindi bichi kalishika na mguu mmoja kama kawaida yake. Tundu la mgeni lilipoingia akaacha kutafuna, mboni zikawa zinabana na kuachia, zinabana na kuachia, manyoya ya shingo yakasimama, alafu akaliachia lile gunzi likaanguka chini na hakuliangalia tena. Mama alipompelekea mkono akamng'ata, na mama ndiye mtu wake kuliko mimi. Ilichukua mda mrefu tu mpaka akatulia, tukawa tunasogeza matundu kidogo kidogo, na mpaka leo kila mmoja ana tundu lake, wanapigiana miluzi toka mbali na inatosha. Kuwaweka tundu moja sijafanya na sina mpango huo, mdomo unaopasua kokwa gumu unaweza kung'oa kidole au kumkata mwenzie ulimi.

Na hata wakipatana kuna upande mwingine ambao wauzaji hawakwambii. Wakipendana wao kwa wao, wewe unakuwa mtu wa kubadilisha maji tu, kuongea kunapungua maana wana lugha yao, mkono wako hawautaki. Kuna wanaofurahia hivyo na mimi naona ni sawa kabisa kwa ndege, ila kama ulimchukua kwa ajili ya maongezi ujue. Alafu huyo jamaa anayesema ana dume na jike muulize kajuaje, kijivu huwezi kutofautisha kwa macho, wanapima vinasaba vya manyoya au damu. Akikwambia anaangalia kichwa huyo anakuuzia mdomo.

Sasa hilo la kujinyonyoa manyoya, usilitibu kwa kununua ndege. Angalia kwanza anakula nini. Wengi tunawapa alizeti asubuhi mpaka jioni kwa sababu wanaipenda, ile ni mafuta matupu, vitamini A hakuna na kalsiamu haitoshi, na kijivu kwa kalsiamu ndio mgonjwa kweli, ikishuka sana anatetemeka mpaka anaanguka kifafa. Punguza alizeti, mpe matembele, mchicha, karoti, boga, papai, machungwa ya Muheza vipande viwili vitatu, pilipili mwache ale anavyotaka maana ndege hasikii ule ukali. Parachichi usithubutu hata kidogo, linaua. Chokoleti, kahawa na vya chumvi nyingi navyo hapana. Kikaango kile kisichogandisha chakula nacho kikiungua moto mkali kinatoa hewa inayoua ndege ndani ya dakika na wewe hujasikia hata harufu, na ile dawa ya mbu ya kuchoma usimweke nayo chumba kimoja.

Alafu mpe kazi. Sisi Tanga katani tunayo toka Mjerumani alipoileta 1893, leo angalau imfae kasuku. Nunua kamba, funga mafundo, katikati weka vifuu vya nazi vilivyotobolewa na ufiche karanga mbichi zisizo na chumvi humo ndani, wangu anahangaika nacho toka saa tatu mpaka adhuhuri. Zile nyuzi zinazochanika zikate kila siku zisimfunge kidole. Mnyunyizie maji asubuhi jua likiwa dogo, mfunike mapema alale masaa 10 mpaka 12, sio anakesha na wewe kwenye mpira. Akiendelea kujinyonyoa baada ya hapo tafuta daktari, na tafuta anayewajua ndege wa kufugwa ndani, maana wengi wa mifugo huku ni kuku na mbuzi, sio kosa lao.

Lavubedi wao hesabu ni rahisi, wawili. Watatu anatengwa mmoja na kupigwa mpaka damu. Na usiwaachie chumba kimoja na kijivu, ni wadogo lakini hawana adabu, wanatua juu ya tundu la mkubwa kumchokoza. Kwa jirani yangu nimeona kwa macho, lavubedi katua juu ya waya, kijivu chini akapanda taratibu bila sauti yoyote kama hajamuona, alafu kac! Kidole cha lavubedi kikabaki ndani ya tundu.

Suala la kelele usilichukulie poa kama mnakaa nyumba ya wapangaji. Mmoja wangu amejifunza mlio wa komeo la geti, ule wa chuma kukwaruza, anaufanya alfajiri baada ya adhana, na mpangaji wa chumba cha mbele alikuwa anaamka kuangalia nani kaingia. Wawili hawapigi kelele mara mbili, wanashindana. Na kijivu anatoa unga mweupe wa manyoya, unaukuta kwenye tivii, kwenye shuka, kila mahali, mwenye pumu hapo nyumbani mhesabu naye.

Sheria nayo usiipuuze. Kijivu wa porini tangu 2017 biashara yake ya kimataifa imefungwa, na wanyamapori kwa ujumla wana sheria yao ya 2009, kumiliki kunataka kibali, ukitaka uhakika nenda ofisi ya TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, uulize kabla pesa haijatoka. Jamaa akikwambia kamtoa misitu ya Amani kule Usambara, muongo, kijivu hakai Usambara. Na wale wa kijani wanaotembezwa na vijana njia ya Pangani ni wa porini kabisa, wananaswa kwa ulimbo, wengi wanakufa hata hawajafika kwako, usiwanunue hata kwa huruma maana ukinunua mmoja kesho analetwa mwingine.

Mimi idadi naipima kwa masaa. Kila kijivu nataka atoke tunduni masaa kama mawili kwa siku akiwa na mtu, na wangu hawatoki pamoja, kwahiyo ni manne, na hayo nayapata kwa sababu mama yupo nyumbani mchana kutwa. Angekuwa hayupo ningekuwa na mmoja. Wewe bado hujatuambia mchana nani anabaki, na tundu la huyo ulienae lina ukubwa gani, akikunjua mabawa yote mawili anagusa waya? Jibu hayo mawili, na huyo wa kuuziwa piga picha ya mguu wake tuone kama ana pete, ile wanayovalishwa ndege waliozaliwa kwenye ufugaji.