Dhamana ya leseni ya ukandarasi California: hulipi dola 25,000 zote

Kaka, barua ya CSLB (bodi ya California inayotoa leseni za wakandarasi) inayokutaka uwe na dhamana ya dola 25,000 isikutishe. Hizo dola 25,000 ni kiwango cha dhamana yenyewe (kilipanda kutoka 15,000 Januari 1, 2023), si pesa unayotoa mfukoni. Wewe unalipa ada kwa kampuni ya udhamini, asilimia fulani tu ya kiasi hicho, na inategemea sana historia yako ya mikopo. Mwenye rekodi safi hulipa kidogo. Mwenye madeni yaliyochelewa hutozwa zaidi, wakati mwingine mara kadhaa. Ulizia bei kwa mawakala wawili watatu.

Ila elewa hili vizuri, maana wengi hawaambiwi: hiyo si bima yako. Inamlinda mteja, na pia mfanyakazi ambaye hajalipwa ujira wake. Mteja akidai na kampuni ikamlipa, itakugeukia wewe urudishe pesa yake. Umeikubali kwa saini yako, kwa hiyo soma karatasi zote kabla ya kalamu kugusa.

Jina la biashara kwenye dhamana lifanane herufi kwa herufi na lililo kwenye ombi lako la leseni. "Juma Construction" huku na "Juma Construction Inc." kule, inakataliwa. Na dhamana iwafikie CSLB ndani ya siku 90 tangu ianze kufanya kazi.

Kama umesajili LLC (kampuni yenye dhima yenye kikomo), tafadhali mwambie wakala mapema: kuna dhamana nyingine ya dola 100,000 kwa ajili ya wafanyakazi.