Mtambo wa makaa ya mawe "usio na moshi", hewa itabaki safi?

SWALI: Nchi yetu inapanga umeme wa miaka 30 ijayo na kwenye orodha kuna mtambo wa makaa ya mawe wanaouita wa kisasa kabisa. Nimeona video ya mtambo kama huo, bomba halitoi moshi hata kidogo. Si bora huo kuliko kusubiri jua na upepo? Au gesi?

JIBU: Ndugu yangu, hiyo video nimeshatumiwa mara nyingi mno na kila mara najibu hivi hivi, macho hayapimi hewa. Unachokiona kwenye bomba la zamani ni majivu, na majivu kweli yananaswa, kuna mabamba ya chuma yenye chaji ya umeme yanayoyavuta, yakifanya kazi sawasawa yanakamata zaidi ya asilimia 99 kwa uzito. Sasa hapo kwenye "uzito" ndo watu wanapigwa, maana zinazoponyoka ni zile chembe ndogo kuliko maikromita 2.5, nyepesi mno, unywele wako ni mnene mara 20 na zaidi, na hizo ndo zinashuka mpaka chini kabisa ya mapafu. Halafu salfa dioksaidi haina rangi, inatoka kama gesi na kugeuka chembe huko huko angani, hata kilomita mamia kutoka bombani. Utairekodi na simu gani? Na wakati huo huo watu wanaogopa lile wingu jeupe juu ya minara minene ya kupozea maji, kumbe ni mvuke wa maji tu.

Sisi wapima hewa tunapima kwa filta nyeupe ya duara inayoenea kiganjani, pampu inaivutia hewa saa 24, kesho yake unaitoa kwa kibano imekuwa ya kijivu, na jana yake anga lilikuwa bluu.

Na huo "ukisasa" ni nini hasa? Mitambo ya zamani inageuza kama asilimia 35 ya joto la makaa kuwa umeme, ile bora kabisa kama 45. Kwa hiyo kaboni dioksaidi inapungua kama moja ya tano, basi. Tani moja ya makaa mazuri bado inatoa zaidi ya tani mbili za hiyo gesi, kwa sababu kila kaboni inayoungua inabeba oksijeni ya hewani, na hakuna filta ya majivu inayoigusa. Salfa unaweza kuiosha kwa chokaa, oksaidi za nitrojeni kwa amonia, ila vyote hivyo ni hela na vinakula umeme wa mtambo wenyewe, kwa hiyo kishawishi cha kuvizima kipo kila siku.

Gesi ina nafuu, kaboni karibu nusu na majivu hakuna, lakini methani, ambayo ndiyo sehemu kubwa ya gesi hiyo, ikivuja njiani inapasha joto zaidi ya mara 80 ya kaboni dioksaidi ndani ya miaka 20, kwa hiyo uliza mabomba kabla hujasifia mtambo. Jua na upepo havichomi kitu, shida yake ni akiba ya usiku, na hilo lipangwe mapema kwa sababu umeme ukikatika kila mtu anawasha jenereta ya dizeli chini ya dirisha lake, moshi unaishia puani.

Wapo pia wauzaji wa suluhisho la "bomba refu". Jamani! Uingereza ilirefusha mabomba yake, salfa ikaenda kunyesha kama mvua ya asidi Norway na Sweden. Haikuondoka, ilihamishwa. Na nchi hiyo hiyo ilizima mtambo wake wa mwisho wa makaa Septemba 2024.

Kwa hiyo yeyote anayekuuzia makaa "safi", mwambie aweke sensa ndani ya bomba, za salfa, nitrojeni na vumbi, na vipimo vitoke hadharani kila saa. Akikuletea video tena, omba vipimo vya saa 8 usiku, wakati hakuna anayetazama bomba.