Maswali na majibu: Chipu kongwe zimejificha wapi?

Wiki hii ni zamu ya prosesa, yaani chipu zinazofuata maagizo na kuendesha kompyuta, za miaka ya sabini na uzao wake. Wanaouliza bei ya laptopu wavumilie kidogo.

Nafundisha somo la kompyuta. Wanafunzi wa kidato cha tatu wanabishana ni nani aliyebuni prosesa ya chipu moja. Kitabu kinasema Intel, 1971, basi. – Mwalimu, Kakamega

Kwenye mtihani, mwalimu, waandike Intel 4004, Novemba 1971, wapate alama zao. Darasani wape kisa kizima, maana ndicho kitamu.

Mwaka 1969 kampuni ya Kijapani ya Busicom, watengenezaji wa vikokotoo, iliiomba Intel iitengenezee chipu. Mchoro wa Wajapani ulitaka chipu nyingi, kila moja na kazi yake. Ted Hoff wa Intel, akisaidiwa na Stan Mazor, akaja na wazo jingine: chipu chache tu, mojawapo ikifuata maagizo yaliyohifadhiwa pembeni. Ukitaka kazi tofauti unabadilisha maagizo, chipu unaiacha ilivyo. Wazo likakubaliwa, kisha likalala. Masatoshi Shima wa Busicom aliposafiri hadi Marekani mwaka 1970 kukagua kazi, alikuta hakuna kilichofanyika, akawaka. Hasira zote zilimwangukia Federico Faggin, Mwitaliano aliyekuwa ndiyo kwanza ameajiriwa. Basi wakakaa chini wote wawili, mwenye kazi na mwenye malalamiko, wakaimaliza pamoja. Ilikuwa na transista, yaani swichi ndogo za umeme, zipatazo 2,300, na ukingoni mwake Faggin aliacha herufi zake, F.F., ndogo kiasi kwamba huzioni bila hadubini.

Haki za ile chipu zilikuwa za Busicom peke yake. Walipobanwa na ushindani wakaomba bei ishushwe, na Intel ikapata nafasi: ikawarudishia dola 60,000, nayo ikaruhusiwa kuwauzia watu wengine. Kwangu mimi hayo ndiyo mapatano yaliyobadilisha mambo kuliko hata mchoro wenyewe. Bila hayo 4004 ingezikwa ndani ya kikokotoo. Na mwanafunzi akitaja Texas Instruments, kampuni nyingine ya Marekani, usimkosoe. Nao walikuwa mbioni mwaka uleule.

Nilinunua gemu ya TV ya kaseti pale soko la Kibuye. Ilipokufa nikaifungua, nikakuta bodi karibu tupu na tone jeusi la gundi. Prosesa iko wapi? – Kijana wa Kondele

Iko chini ya hilo tone, kaka, na usijaribu kulikwangua. Chipu imebandikwa moja kwa moja kwenye bodi, ikaunganishwa kwa nyuzi nyembamba kuliko unywele, kisha ikamwagiwa gundi. Ukikwangua unakata nyuzi. Angalia kwanza waya wa umeme na soketi ya kaseti. Mara nyingi ugonjwa uko huko.

Gemu hizi nyingi ni nakala ya mashine ambayo Nintendo iliitoa Japani mwaka 1983, na prosesa yake inatokana na 6502, chipu ya kampuni ya MOS Technology. Chuck Peddle na wenzake walihama Motorola wakaenda MOS Technology, wakiwa na nia moja: bei ishuke. Mwaka 1975 wakaileta 6502 kwenye maonyesho ya San Francisco kwa dola 25, wakati prosesa za wenzao ziliuzwa kwa mamia ya dola. Walikatazwa kuuza ukumbini, wakakodi chumba cha hoteli na kuzipanga kwenye mitungi ya kioo. Peddle alisimulia baadaye kwamba zilizo chini ya mtungi zilikuwa mbovu, zimewekwa ili ionekane wana mzigo mkubwa. Ujanja wa sokoni huo, Kibuye wangeuelewa mara moja! Steve Wozniak alinunua yake, na Apple ya kwanza ikajengwa juu ya chipu hiyo.

Mjukuu wangu anasema kabambe yangu ni kompyuta. Ananidanganya? – Nyanya, Bahati, Nakuru

Hakudanganyi, nyanya. Tena zimo prosesa mbili.

Ya kwanza ni ya simu yenyewe, na kwenye kabambe nyingi ni ya aina ya ARM. Asili yake ni Acorn, kampuni ya Cambridge, Uingereza, iliyokuwa ikiunda kompyuta za shule kwa ile 6502 ya dola 25. Ilipotaka prosesa yenye nguvu zaidi, wahandisi wake walikwenda Arizona kuwatazama waliokuwa wakichora mrithi wa 6502. Walitarajia jumba la fahari, wakakuta nyumba ya kawaida ya mtaani. Wakarudi wakijiambia, kumbe hata sisi tunaweza. Sophie Wilson akapanga maagizo, Steve Furber akachora mzunguko. Walitaka ganda la plastiki kwa sababu ni rahisi, na plastiki haivumilii joto, hivyo ikabidi chipu itumie umeme kidogo sana. Aprili 1985 ya kwanza ilifika, ikafanya kazi. Furber akapima umeme inaoutumia, kipimo kikasoma sifuri. Kumbe waya wa umeme haukuunganishwa, na chipu ilikuwa ikijiendesha kwa umeme unaovuja kutoka kwenye nyaya za mawasiliano. Hiyo ni sababu mojawapo ya kabambe yako kukaa na chaji siku kadhaa.

Ya pili imo kwenye laini. Menyu ya M-Pesa, iliyoanza Machi 2007, ilikaa ndani ya laini yenyewe, na laini nyingi za wakati huo zilikuwa na prosesa za biti 8, baadhi zikiwa za ukoo wa 8051 ya Intel ya mwaka 1980.

Je, laptopu za saiba yangu zina uhusiano wowote na 8086, ile prosesa kongwe ya Intel? – Mwenye saiba, Bungoma

Zikiwa na prosesa za Intel au AMD, ndiyo. IBM ilichagua 8088, ndugu yake wa bei nafuu, kwa kompyuta yake ya 1981, na tangu hapo kila mrithi amelazimika kuelewa maagizo ya wazee. Laptopu nyingi zikiwashwa, prosesa huamka ikijifanya 8086 ya mwaka 1978, kisha ndipo inapanda hadi hali yake ya kisasa.

Nahitaji prosesa ya Z80 kwa mashine ya zamani ya kiwandani. Bado zinatengenezwa? – Fundi, Busia

Zilog, kampuni inayoitengeneza, ilitangaza Aprili 2024 kwamba inafunga oda za Z80 inayouzwa peke yake. Ilikuwa sokoni tangu 1976. Zilizobaki ni za akiba na za bodi kuukuu. Ukinunua mtandaoni, sugua maandishi kwa pamba yenye asetoni: rangi ikitoka, chipu imefutwa na kuandikwa upya. Na kabla ya kuichomeka, hakikisha pini ya 11 inapata volti 5 na ya 29 ndiyo hasi. Ukizigeuza, umeichoma.